Trei za Nerina

"Nani alizifunga trei hizi?" Sauti ya mkaguzi ilitoka tumboni mwa mnara kama ya mtu aliyemezwa na mtungi. "Alikuwa amelewa?"

Huku chini, Royce Penhall alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. Mzee Alby Tranter hakucheka.

"Alizifunga Nerina Bosco, Mungu amrehemu!" alipaza sauti kuelekea juu. "Mwanamke pekee katika genge zima, na hakugusa hata bia ya Krismasi. Alizifunga na mimba yake tumboni. Trei ya mwisho tulimtoa kwenye tundu la mnara kwa kumvuta kama ndama!"

Ndani ya mnara kitu kikagonga shaba mara moja.

"Basi mimba ilimtia usingizi," sauti ikajibu.

Royce akajipiga paja. "Umesikia, mzee? Mkaguzi Bi Whitlow hana siasa. Anasema anachokiona."

Alby alitema mate pembeni, karibu na viatu vya Royce, si mbali sana. Viatu vyenyewe viling'aa kama vya bwana harusi. Mtu gani huyo anayekuja kwenye banda la ramu, katikati ya miwa na matope, na viatu kama hivyo?

Mnara ulikuwa wa shaba tupu, na ndani yake trei zimepangwa moja juu ya nyingine. Pombe hushuka trei kwa trei, mvuke hupanda kukutana nayo. Trei zikivuja, badala ya ramu unapata maji ya kuogeshea mbwa. Za Alby hazikuwahi kuvuja, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Alipokuwa hospitalini, hajitambui vizuri, mpwa wake alimshikia kalamu akatia sahihi: mnara ukifaulu jaribio la maji, kampuni ya Royce inaung'oa na kuupeleka Brisbane. Ukishindwa, mkataba umekufa. Bila mnara, Alby angebaki na banda na kunguru.

Na mkaguzi mwenyewe ndiye huyu! Asubuhi alitangulia kupanda peke yake, eti kutazama uchafu kabla ya maji. Alipanda mwepesi kama paka. Alishuka taratibu, mkono umeng'ang'ania ngazi, mifuko ya ovaroli ikilia kila hatua.

"Unalia kama mbuzi mwenye njuga," Royce alimtania.

"Vifaa," alijibu bila kumtazama.

Alby alimwekea kiti na chai na biskuti. Mwanamke akakataa kuketi. Akainywa chai amesimama, biskuti hakuigusa. Mtoto wa juzi, buti hata hazijapasuka, anakidharau kiti cha mtu nyumbani kwake!

"Fungua maji!" sasa aliita kutoka juu, alikokuwa amerudi baada ya chai.

Royce alifungua bomba kwa mkono wake. Maji yalipaswa kutulia juu ya trei kama chai ndani ya kisosi. Badala yake ikasikika mvua ndani ya mnara, kuanzia trei ya kwanza hadi ya chini kabisa, kisha maji yakachuruzika tunduni na kuvilowesha vile viatu vya harusi.

"Chujio la chai lina afadhali!" Bi Whitlow alisema. "Aliyefanya kazi hii angeachiwa kufunga mabanda ya kuku, tena kuku wazee."

Alby alipaswa kushangilia. Badala yake alihisi masikio yanawaka. "Muongo wewe! Trei za Nerina hazivuji! Shuka uniambie hayo usoni!"

"Mzee, hebu nyamaza, umeshinda," Royce alisema, akijipangusa kiatu kwa leso. "Baki na sufuria lako. Nilijua tu, huku kwenu hakuna anayejua kukaza bolti." Akauchana mkataba vipande vipande, akavitupa ndani ya pipa la molasi, akaingia garini. Vumbi lilimfuata kati ya miwa hadi lilipozama.

Bi Whitlow alishuka, akavua helmeti.

"Na wewe shika njia," Alby alimwambia. "Mimi nitukane utakavyo, nimezoea. Lakini umemtukana mtu aliye kaburini."

Alinyoosha mkono, akamvua mzee kofia, akaigeuza juu chini. Kisha akaanza kukung'uta mifuko ya ovaroli, mmoja baada ya mwingine. Bolti. Vibano. Vipande vya mpira wa kuzibia, bado vina grisi. Kofia ikalemea mpaka Alby akaishika kwa mikono miwili.

"Kesho nitakuja tuvirudishe," alisema, na sauti haikuwa tena ya mkaguzi. "Mama hakuwahi kufunga trei ikavuja."