Kadi ya Binti Yake

"Shosho, nimekuuliza: mama ya huyu mtoto ako wapi?"

Jerusha, karani wa ugawaji, aliinua kadi ya kliniki juu, foleni nzima iione. Ilikuwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mwaka wa 1996, siku ya kuwagawia wanaonyonyesha unga wao wa uji, na ingawa ilikuwa saa nne tu, mabati ya kibanda yalikuwa yanachoma. Kadi ilisema: Adau, miaka ishirini na miwili. Mtoto Kon, miezi mitano, kilo tano.

Jerusha akamkagua tena aliyesimama mbele ya meza, mtoto amelala begani. Kichwa kimenyolewa kipara. Uso umekunjamana, nyayo zimepasukapasuka, na alipofungua mdomo, meno ya mbele ya chini hayapo. Ishirini na miwili? Labda ukizidisha kwa tatu.

"Mtoto yangu," akasema yule mwanamke. Kiswahili chake hakikuzidi maneno manne.

"Mjukuu wako. Mama yake ameenda wapi, Lodwar kutanga? Akakuachia kadi uje umchukulie?"

"Mtoto yangu."

Kinyaa kilimpanda Jerusha. Alikuwa amechoshwa na ujanja wa kambi hii, wallahi. Juma lililopita alimkuta ajuza mmoja sokoni akiuza unga huu huu kwa vikombe, na mtoto aliyembeba kwenye foleni ashamrudisha kwa wenyewe. Ebo! Kuazima mtoto kama ungo! Unga ni wa anayenyonyesha, maziwa yasimkauke. Sasa vibibi visivyo na tone kifuani vinakuja kuula, na wala havina haya.

Abei, Mturkana aliyekuwa akikoroga uji wa watoto pembeni, akaacha mwiko. "Madam, si uulize kwanza hawa wenzake wa foleni?"

"Shosho, uji unaungua."

Abei akacheka, naye akiwa na pengo lile lile chini, la kung'olewa utotoni kimila, akarudi kwenye sufuria. Jerusha alimwita shosho tangu siku aliyofika kutoka Kitale, na Abei hakuwahi kubishana naye. Yeye mwenyewe Jerusha alikuwa na miaka ishirini na sita, na kama kuna kitu alichokichukia duniani ni madereva wa malori kumwita kasichana. Watu gani hawa, alikuwa akilalamika, wanaomhesabia mtu miaka kwa kumtazama usoni!

Akachukua kalamu nyekundu, akalivuta daftari la majina.

"Nakufuta. Orodha mpya ni baada ya miezi mitatu. Mwambie binti yako aje mwenyewe, kama hajasahau alizaa."

Miezi mitatu. Foleni ikaguna, maana kila mama pale alijua miezi mitatu ni nini kwa mtoto wa kilo tano. Mmoja akapaza sauti kwa Kidinka, mwingine akamjibu, na Jerusha akagonga meza.

"Kimya! Mnanitapisha nyote. Leo unakodi mtoto, kesho utakodi maiti upewe sanda. Mtu mzima na uzee wako, unamwibia mtoto mchanga! Wewe ulishakula ujana wako, shosho, ukaumaliza. Waachie wengine."

Yule mwanamke hakuelewa yote, ila kalamu ile aliielewa. Akaweka kiganja juu ya jina lake daftarini, akakibana pale.

"Ereng!" Jerusha akamwita askari wa mlangoni. "Mtoe huyu. Na hii kadi inabaki hapa."

Ereng akaja akikokota miguu. Akamshika mkono taratibu. "Twende, nyanya. Usijiaibishe."

Hakwenda. Alimtazama Jerusha kama mtu aliyekuta nzi ndani ya uji wake, akamtazama hivyo hadi Jerusha akaangalia kando. Kisha akamshusha mtoto begani, akamtia Ereng mikononi, na Ereng akampokea kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

"Sasa huyu anafanya nini?" Jerusha akauliza.

Mwanamke alifungua fundo la nguo begani, akainama juu ya meza, akashika titi kwa mikono miwili na kuliminya kwa nguvu zake zote.

Maziwa yakaruka juu ya daftari, ya moto, yakampata Jerusha mdomoni.