Mzee Mbonea Amepona

Katika mji ule wa mlimani, jambo halikuwa jambo mpaka kipaza sauti cha sokoni kilitangaze. Mzee Mbonea alikata roho juzi, lakini hakutangazwa. Kwa hiyo hakuna jirani aliyeleta kuni wala mkeka, na mkewe, Nakiete, aliendelea kuwasha moto mwenyewe na kumpelekea uji chumbani.

Leo asubuhi, baada ya bei ya kabichi na habari za ukungu, kipaza sauti kikasema: "Mzee Mbonea amepona."

Majirani wakamiminika na jogoo.

"Hongera, dada Nakiete," alisema Mama Eliapenda, amejiziba pua kwa upindo wa khanga. "Mzee hajambo?"

"Hajambo."

Nakiete akampika yule jogoo, akampakulia mumewe paja, akakaa kumngoja ale.