Kisanduku cha Nne

Bibi alimnyang'anya mjukuu wake kalamu.

Tangu asubuhi walikuwa wakitazama tamthilia, maana huko chuoni mjukuu alipewa kazi ya kuchunguza televisheni inavyoonyesha familia. Kila mzee akitokea, anatiwa alama kwenye kimoja cha visanduku vitatu vya fomu: anaumwa, analaani, anakufa.

"Kitendawili," alisema Bibi.

"Tega, ila haraka."

"Nyumbani tunaye, kwenye televisheni hayumo."

"Nimeshindwa. Nakupa mji. Nakupa chuo kizima!"

"Chuo nimekipokea. Ni mzee anayejifunza jambo jipya. Mimi nimeanza kuogelea nina miaka sitini na minane. Kisanduku changu kiko wapi?"

"Mhadhiri amekataza kuongeza, Bibi. Atanifelisha. Tena kitabaki kitupu."

"Kibaki kitupu, wakione."

Akachora mraba wa nne, pembe moja imelegea kama sikio la mbuzi, na wino ukapenya hadi karatasi ya chini.

"Wino huo haufutiki!"

"Ningetaka ufutike ningechukua penseli."

Mjukuu alilitazama rundo la fomu hamsini na tisa zilizobaki. Kisha akaivuta ya pili, akaitandaza mezani, akaichukua tena kalamu.

"Nishikie rula, Bibi."