Maharage ya Adam

Sahani ya maharage na chapati mbili ilitua mezani kabla Adam hajazima injini ya lori.

"Shikamoo mama," alisema akiingia, mchanga wa Kisarawe ungali kwenye kandambili zake.

"Marahaba. Kaa ule, yasipoe."

Adam aliitazama sahani. Akamtazama Mama Asteria, aliyesimama mbele yake amejishika kiuno. Akanawa mikono. Alipomeza tonge la kwanza ndipo mama akarudi jikoni.

Kwenye meza ya pembeni, Kabula aliweka alama ya vema daftarini. Mteja wa mia mbili na kumi na mbili.

Kabula alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akitengeneza kompaila: programu inayogeuza maandishi ya mtunga programu kuwa amri za mashine. Kompaila nzuri huzipanga amri hizo ili mashine isikae bure hata kidogo. Ikikuta njia panda, "ikiwa hivi, fanya vile", hukadiria njia ipi itafuatwa mara nyingi zaidi na kuitanguliza kazi yake. Kadirio likikosea, kazi iliyotangulizwa hutupwa.

Kompaila ya Kabula ilipatia mara sabini na moja katika mia. Msimamizi wake, Bernard, alitaka tisini, la sivyo arudie mwaka.

Ndipo alipougundua mgahawa huu wa Mama Asteria, mtaa wa Picha ya Ndege. Meza sita, jiko moja, na hakuna mteja anayeulizwa atakula nini. Chapati ikiiva upande mmoja, mama anakoroga supu. Supu ikichemka, anafuta sahani. Mikono haisimami. Mtu akitokea barabarani, chakula chake kinapakuliwa.

"Mama, unajuaje?" Kabula aliwahi kumuuliza.

"Nawaona wanavyokuja, mwanangu. Mtu wa supu namjua kwa mwendo."

"Na ukikosea?"

"Nikosee mimi!" Mama Asteria alicheka hadi akaegemea pipa la maji. "Niambie nani karudisha sahani yangu."

Kabula alikuwa na jibu kamili. Katika wiki tatu zilirudi sahani tatu tu: mbili za watalii waliokuwa wakipita, moja ya mtoto wa miaka minne aliyelilia soda.

Bernard alizisoma takwimu hizo mara mbili.

"Hii ni zaidi ya asilimia tisini na nane, wewe! Hata mashine za mamilioni hazijigambi hivi mbele za watu." Akavua miwani. "Nakuongezea mwezi mmoja. Lakini niandikie kanuni anayotumia huyo mama, na Ijumaa uitetee mbele ya jopo. Ikianguka, na mwezi umeanguka."

Kabula aliandika kurasa kumi na moja. Mwendo wa mteja, saa ya kuingia, hali ya hewa, aina ya viatu. Viatu peke yake vilipata majedwali mawili. Alizituma Alhamisi asubuhi, na Bernard akajibu kwa neno moja: "Safi."

Kilichobaki ni ushuhuda wa mteja mmoja. Kabula akabeba daftari, akahamia meza ya Adam.

"Kaka, una muda gani unakula hapa?"

"Mwaka wa nne huu."

"Na kila siku ni maharage?"

"Kila siku."

"Basi niambie jambo moja, nataka kulisoma kesho mbele ya maprofesa. Mama anajuaje unachotaka kabla hujafungua mdomo?"

Adam alichungulia jikoni. Akainama, akapunguza sauti.

"Dada yangu, maharage yananipa kiungulia tangu utotoni. Miaka minne natamani supu. Lakini mama wa watu keshapakua, kasimama hapo anakutazama. We utamwambia nini?"