Gogo la Krismasi

Niliviringisha keki ingali ya moto, ndani ya kanga ya marehemu mama, taratibu ili isipasuke. Ilipopoa niliipaka krimu ya kakao ndani na nje, kisha nikaichora kwa uma mpaka ikawa na magome kama gogo la kweli.

Kaka yangu Laurenti alikuwa sebuleni na wanangu, akizila stroberi nilizoziweka kwa ajili ya mapambo.

Tangu Oktoba alikuwa akituambia kwamba mvule wa makaburini, uliolitilia kaburi la mama kivuli, uliangushwa na upepo. Tulimwamini. Yeye ndiye mjomba, na kwetu makaburi ya ukoo huwa mikononi mwa mjomba. Lakini juzi nilipanda kijijini kwetu Matombo kusafisha kaburi, nikakuta kisiki.

Nilipoleta keki mezani, wanangu walipiga makofi.

"Mdogo wangu, haya mambo umejifunza wapi?" Laurenti aliuliza, mdomo umejaa.

Nilichukua kisu nikakata ncha moja ya keki, polepole, mpaka mizunguko yote ya ndani ikaonekana. Nikaigeuza sahani ili ule mkato umtazame yeye.

"Kisiki cha pale kwa mama kiko hivi hivi," nikasema. "Nimekipapasa, hakina hata kibanzi. Upepo wa Matombo siku hizi una msumeno?"

Laurenti aliacha kutafuna.

Nikamsogezea kisu, mpini upande wake.

"Haya, mjomba. Wakatie watoto. Wewe si umeshazoea."