Sumo kwa Ajili ya Samira

Kitambaa chenyewe kilikuwa kirefu, kingetosha kufungia godoro, lakini kwa namna walivyomfunga Bakiri, makalio yake yote mawili yalibaki nje yakipigwa na baridi ya Turffontein, Johannesburg. Mbele yake alisimama mkulima mmoja Mzungu, tumbo limemtangulia. Bakiri akainama kwa heshima. Alipofumbua macho alikuwa nje ya duara la mieleka, chali, anatazama mabati.

Kwa kazi alikuwa mlinzi wa duka kule Sandton, Mkongomani wa Kindu, mwembamba kiasi kwamba sare ndiyo iliyomvaa yeye. Mapenzi ndiyo yaliyomfikisha hapo. Alikuwa amemposa Samira, msusi wa Jules Street kule Malvern, binti wa Kitanga na mwanamke wa mwili hasa. Neno la mwisho lilikuwa la shangazi yake, Bi Mayasa, fundi cherehani. Siku ya posa Bi Mayasa alikuwa anapinda gauni la mteja, pini zimejaa mdomoni, na katikati ya pini hizo Bakiri akasikia sharti moja tu: hapewi mke mtu mpaka apite kwanza kwa sumo, tena akae huko mpaka aive. Akishindwa, yupo Naseeb, muuza simu, Mtanga mwenzao, ambaye yuko tayari hata kesho.

Sumo Bakiri aliijua kwenye televisheni, mieleka ya Wajapani wanene, basi alitoka pale akijitazama mikono na kuona aibu. Alipomuuliza Samira, binti akajifunika uso kwa mtandio, akacheka, akasema mambo hayo haulizwi bibi harusi. Basi hata yeye ameuona wembamba wangu, Bakiri akawaza, na moyo ukamuuma kweli. Akaingia kwenye simu kutafuta. Johannesburg haikosi kitu: nyuma ya uwanja wa mbio za farasi kulikuwa na ukumbi, na ndani yake Mjapani mmoja aliyestaafu mieleka, akiwa amekalia peke yake benchi la watu watatu.

Wengine huenda Japani kwa ndege. Bakiri aliizuru kila Jumapili hapo hapo Turffontein, bila pasipoti wala viza. Alijifunza kuinua mguu juu na kuukita chini mpaka mapaja yakalia. Alijifunza kurusha chumvi ulingoni kabla ya pambano, jambo lililomsikitisha, maana kwao chumvi hutiwa kwenye chungu.

Chungu nacho kilikuwepo. Walikiita chanko, supu ya wanamieleka: kuku, kabichi, uyoga na jibini ya soya isiyo na ladha yoyote, vyote vikichemka kwenye sufuria ambayo mtoto angeweza kuogeshwa ndani. Ni kuku, alielezwa, kwa sababu husimama kwa miguu miwili kama mshindi. Ng'ombe ameinama kwa minne, kwa hiyo ameshashindwa tangu kuzaliwa. Wenyeji waliila na pap, ugali wa huko, na hakuna aliyeomba ruhusa Tokyo. Mwanafunzi mpya ndiye anayepika, anawapakulia wakubwa, kisha anakula mwisho. Wakubwa wale walikula kama wanalipiza kisasi, kwa hiyo Bakiri aliishia kunywa maji ya kabichi.

Hakushinda pambano hata moja. Shingo tu ndiyo iliyojaa kidogo. Lakini Jumapili moja Mjapani alimpigapiga mgongoni akasema sasa ameiva, na Bakiri akaenda Malvern roho mkononi.

Bi Mayasa alifunga mlango wa duka. Samira alikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo, na miguu yake ilionekana chini. Shangazi akauliza kama amepita kule alikomtuma, Bakiri akajibu amepita. Alidhani sasa ataambiwa avue shati apimwe kifua, lakini mama yule alitaka kusikia maneno tu.

"Haya, nambie ulichofunzwa. Usinifiche."

Bakiri akaanza na heshima: kwanza unaoga, kisha unainama mbele ya mwenzako.

"Tena, Tantine, hairuhusiwi kumurukia. Munaangaliana kwanza, munavuta pumuzi pamoja, mpaka bote babili mukuwe tayari."

Mkasi wa Bi Mayasa ukasimama.

"Ngumi hapana. Kuvuta nywele hapana. Ukishinda, haujivune. Ukianguka, unasema aksanti, kesho unarudia."

"Endelea, baba."

Akamweleza habari za chungu, kwamba mwanamume ndiye anayempika kuku na kuwapakulia wengine, na yeye anakula wa mwisho. Bi Mayasa akachukua kipande cha kitambaa cha mteja akafutia macho.

"Na nguvu?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Nguvu haiko ya mikono, Tantine. Nguvu inatoka kwa kiuno."

Nyuma ya pazia kitu kikaanguka. Bi Mayasa alikohoa, akajipepea kwa karatasi ya kukatia mitindo, akakohoa tena. Bakiri akatazama sakafu. Akilini alimwona Naseeb na kanzu yake ya harusi, na akatamani kulia.

Lakini Bi Mayasa alisimama, akamshika mikono yote miwili, akatamka kwamba mwezi ujao, Mungu akipenda, Samira ni mkewe. Kisha akavuta futi kamba shingoni mwake.

"Wenzangu walinicheka niliposema mume naye apite kwa somo, afundwe unyumba kabla hajakabidhiwa mke," akasema. "Huyo somo wako nitamshonea kanzu kwa mkono wangu. Ni mtu wa mwili gani?"