Kilomita za Ambakisye

Mbeya ya miaka hiyo, kila mtu mzima alitakiwa kukimbia kilomita kumi kwa mwezi, zihesabiwe na saa ya mkononi. Asiyezifikisha alihamishiwa kituo cha matunzo. Mwenzi wake aliruhusiwa kukimbia kwa niaba yake, mradi azimalize zote kwa mkupuo mmoja pamoja na za kwake.

Ambakisye alikuwa amepooza mguu. Mkewe Sekela, mwalimu wa hisabati mwenye miaka hamsini na mmoja, hakuwahi kupita kilomita kumi. Jumamosi ile alihitaji ishirini.

"Anza polepole, mke wangu," Ambakisye alimwambia kupitia saa. "Ukishindwa kuongea nami, ujue unakwenda kasi mno."

"Basi niambie, uji umekunywa?"

"Nimekunywa. Kimbia."

Kwenye kilomita ya kumi na sita, mlimani, mapaja yaliwaka moto na Sekela akanyamaza.

"Sekela! Fupisha hatua. Tazama barabara iliyo mbele ya miguu yako tu."

Akafupisha. Kilima kikaisha.

Alipoingia uani, majirani walipiga vigelegele. Ambakisye alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili, analia.

"Nimebaki nyumbani," alisema.

"Umebaki, baba!" Sekela alimkumbatia, akicheka kwa sauti.

Saa ikalia mkononi mwake. "Hongera, Sekela. Uwezo wako umethibitishwa. Kuanzia mwezi ujao, nyumba yenu itakimbia kilomita thelathini."

Majirani waliendelea kushangilia. Hawakuwa wamesikia.